RISASI HAISAFISHIKI
Hoja yetu dhidi ya kuyeyusha risasi majumbani

Ndugu waamini, viongozi wa walei na watu wote wenye mapenzi mema wa Karagwe na Kyerwa,

Kiswahili kimeyapa madini na mauti jina moja. Yale madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu, yaliyomo ndani ya betri ya gari, huitwa risasi. Na kile kipande kinachotoka katika mtutu wa bunduki na kumwangusha mtu au mnyama, nacho huitwa risasi. Katika mazungumzo ya kila siku tunavitenganisha vitu hivi viwili, tukidhani kwamba kimoja huua na kingine ni mali ghafi tu, isiyo na madhara mpaka ishindiliwe katika bunduki. Waraka huu umeandikwa kupinga dhana hiyo. Tunasema kwamba risasi huua mara mbili: mara ya kwanza jikoni inapoyeyushwa, na mara ya pili porini au barabarani inapofyatuliwa. Na wanaoumizwa mara ya kwanza ni watu wa nyumba ya yule yule aliyeiyeyusha.

Tunasema na wenye kuifanya kazi hiyo kwa siri. Tunasema na majirani wanaojua na kunyamaza. Tunasema pia na wenye mamlaka, ambao nao wana deni lao katika jambo hili, kama tutakavyoonyesha.

1. GOBOLE NA CHAKULA CHAKE

Bunduki si mgeni katika nchi hii. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka Tabora ilipita Karagwe, na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro. Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika mwezi Novemba 1861, bunduki za wafanyabiashara zilikwisha kutangulia. Katika mwaka wa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vita ikaendelea hadi 1979. Mwezi Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, wakikimbia Rwanda, na wilaya ya Karagwe, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijagawanywa, nayo ilipokea wakimbizi wengi katika kambi zake hadi waliporudishwa kwao Desemba 1996. Wengi wao walikuwa watu wanyonge wasio na hatia. Lakini kila vita na kila msukosuko wa mpakani ulizidisha silaha katika mikono isiyostahili, na ulizidisha woga kwa wale wasio na silaha. Na woga ndio mama wa gobole.

Gobole hutengenezwa na fundi wa kienyeji. Halina namba wala kibali, na kwa kuwa halina kibali, halina duka la kulinunulia risasi. Kwa hiyo hulishwa chochote: vipande vya nondo, misumari, au vidonge vya risasi vilivyomiminwa nyumbani. Madini ya kumimina hayapatikani kwa taabu siku hizi. Yamo katika betri za magari, za pikipiki na za umeme wa jua zilizokwisha nguvu. Yamo katika vipande vinavyosawazisha magurudumu kwenye gereji. Yamo katika uzito wa nyavu za wavuvi. Betri iliyokufa haina bei kubwa, na mara nyingi hutupwa nyuma ya nyumba. Huko ndiko inakookotwa.

2. UONGO ULIOMO KATIKA NENO "KUSAFISHA"

Risasi huyeyuka katika joto la nyuzi 327 za Selsiasi. Jiko la mkaa linalofukutwa vema hulifikia joto hilo bila shida. Ikishayeyuka, uso wake hufunikwa na ukoko wa kijivu, ambao mfuaji huuita uchafu. Basi hutia nta ya mshumaa, au mafuta, au unga wa mbao. Moshi hupanda, mwali huwaka, naye hukoroga, kisha huengua ukoko kwa kijiko na kuutupa kando. Kinachobaki chini hung'aa kama kioo. Hapo husema kwa kuridhika, "Sasa ni safi."

Tunauliza: ni safi kwa nani?

Ni safi kwa mtutu wa bunduki, maana kidonge kitatoka laini bila matundu. Kwa nyumba ni kinyume chake kabisa. Ule ukoko si takataka za kigeni zilizoingia ndani ya risasi. Sehemu yake kubwa ni risasi yenyewe, iliyoungana na hewa ikageuka kuwa unga. Nta hurudisha kiasi fulani cha unga huo kuwa madini, lakini hakuna fundi, hata awe hodari namna gani, asiyebaki na unga wa kuengua. Na katika unga ndimo hatari kubwa ilimo. Kipande kigumu cha risasi kikishikwa mkononi hakipenyi ngozi kwa urahisi. Unga huvutwa puani, hushika vidole, huanguka juu ya ndizi zinazomenywa, hukaa katika nguo na nywele, na humezwa bila mtu kujua. Kwa maneno mengine, kazi hii inayoitwa kusafisha huitoa sumu mahali ilipokuwa imetulia na kuieneza mahali palipo na watu.

Tena, kadiri moto unavyozidi kuchochewa ndivyo mvuke wa risasi unavyozidi kupanda. Mvuke huo hauna harufu ya kumwonya mtu. Moshi wa nta mtu huuona akakohoa na kugeuza uso. Mvuke wa risasi haumkohozi, haumtoi machozi. Anaondoka pale akiamini kwamba kwa kuwa moshi umekwisha, hatari nayo imekwisha.

Risasi ya betri ni mbaya zaidi. Sahani zake huchanganywa na madini mengine kama antimoni, na huweza kuwamo aseniki, ambayo ni sumu inayojulikana tangu zamani. Sahani hizo hutoka zimelowa tindikali kali, inayochoma ngozi na kupofusha macho. Na mara nyingi kazi ya kuivunja betri huachiwa vijana wadogo, kwa kuwa ni kazi ya shoka na jiwe. Halafu kuna maji. Tone moja la maji likizama katika risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha risasi hiyo kama cheche usoni mwa walio karibu. Na jikoni, ndugu zetu, ndipo mahali penye maji kuliko pote katika nyumba.

Nabii Yeremia, katika sura yake ya 6, alitumia mfano wa mfua madini ambaye mvukuto wake umechoka na risasi yake imeliwa na moto, na bado kazi ya kusafisha imekuwa bure. Yeye alikuwa akisema juu ya mioyo ya watu. Lakini alichagua mfano wa kazi iliyojulikana kwa wasikilizaji wake, nao walimwelewa: kuna kusafisha kusikosafisha.

3. ANAYELIPA SIYE ANAYEPIGA

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa suala la haki, wala si la afya peke yake. Mwanamume ndiye aamuaye kuyeyusha. Mwanamume ndiye abebaye gobole. Lakini jiko ni la mama. Sufuria iliyotumika ni ya mama, na kesho yake itapikiwa maharage. Nguo zilizojaa unga zitafuliwa na mama. Ukoko uliotupwa kwenye migomba utachakurwa na kuku wa mama. Na mtoto anayetambaa juu ya sakafu ya udongo, akitia kila kitu kinywani kama watoto wote wafanyavyo, hakuulizwa neno.

Mwili wa mtoto huipokea risasi kupita mwili wa mtu mzima. Katika risasi iliyomezwa, mtu mzima huchukua damuni sehemu ndogo, kama moja ya kumi. Mtoto mdogo huweza kuchukua hata nusu yake. Ikishaingia, mwili huipokea kana kwamba ni kalisiamu, ile inayojenga mifupa, na kuiweka akiba ndani ya mifupa hiyo kwa miaka mingi sana. Mama akishika mimba, akiba hiyo hutoka mifupani, huingia katika damu yake, huvuka na kumfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo msichana aliyechezea unga wa risasi akiwa na umri wa miaka 5 huweza kumrithisha sumu mtoto atakayemzaa akiwa na miaka 25. Urithi wa namna gani huu?

Na dalili zake? Hazina sura yao wenyewe. Tumbo husokota, na watu husema ni minyoo. Damu hupungua, na watu husema ni malaria. Mtoto hudumaa, huwa mkaidi, hasikii masomo, na mwalimu husema ni mvivu. Ikizidi sana huja degedege, kupoteza fahamu na kifo, na hapo wapo watakaosema amerogwa, na jirani asiye na kosa atanyoshewa kidole. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Akili iliyoharibiwa utotoni hairudi. Dawa za kutoa risasi mwilini zipo, lakini hazirudishi kilichokwisha kuharibika ubongoni.

Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Sawa. Lakini mtoto hakujichoma. Amechomwa, tena na baba yake mwenyewe.

Tena mambo hayaishii jikoni. Kidonge cha risasi kinapoingia katika nyama ya mnyama humeguka vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo huenea mbali na tundu la jeraha. Kupika hakuviondoi. Nyama hiyo huletwa nyumbani usiku, huliwa kwa siri, na aliye mjamzito hupewa fungu zuri kwa heshima. Jimbo la California huko Marekani limepiga marufuku risasi za madini haya katika uwindaji wote tangu Julai 2019, hasa kwa sababu ndege wakubwa waliokula mizoga walikuwa wakifa kwa sumu. Ikiwa tai wa California wametungiwa sheria, je, watoto wa Kyerwa hawastahili hata onyo?

4. YALIYOWAPATA WENGINE

Huenda wapo watakaosema kwamba tunatisha watu bure, kwamba wazee waliyeyusha risasi na wakafa kwa uzee. Kwao tunajibu kwa mambo yaliyotokea katika Afrika yetu hii hii.

Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegali, watu walikuwa wakivunja betri kuukuu na kuchekecha mchanga ili kupata vipande vya risasi vya kuuza. Ilikuwa riziki ya maskini, na akina mama ndio waliochekecha. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Hakuna aliyewapiga bunduki. Mchanga wa uani ndio uliowaua.

Huko Zamfara, kaskazini mwa Nijeria, mwaka 2010, wanaume walileta nyumbani mawe yenye dhahabu wakayasaga uani. Mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi ndani yake. Watoto zaidi ya 400 walikufa kabla ya udongo wa vijiji kukwanguliwa na kuondolewa. Baba zao walikuwa wanatafuta fedha ya kuwalisha watoto hao hao.

Na karibu nasi zaidi, katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014 ukutani mwa nyumba za watu. Wakazi walipoona watoto wao wanaugua, waliongozwa na mama mmoja, Phyllis Omido, kudai haki. Mwezi Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Wakazi wa Owino Uhuru walikuwa na mtu wa kumshtaki. Je, mtoto wa mfua risasi wa nyumbani atamshtaki nani?

5. VISINGIZIO VITATU

Kisingizio cha kwanza ni ulinzi. "Majambazi wana bunduki, nasi tukae mikono mitupu?" Hatuyadharau machungu yaliyomo katika swali hili. Watu wa mkoa huu wanakumbuka miaka ambayo mabasi yalipita katika misitu yakisindikizwa na polisi wenye silaha. Lakini tuseme ukweli. Gobole hupakiwa polepole, hupiga mara moja, na mara nyingine hupasuka mikononi mwa mwenyewe. Halijawahi kuwa ngao mbele ya mtu mwenye bunduki ya kivita. Mahali linapofanya kazi barabara ni katika ugomvi wa ndani: mpaka wa kibanja, wivu wa ndoa, deni la kahawa, pombe ya jioni. Silaha iliyofichwa darini kwa ajili ya jambazi, mara nyingi humngojea ndugu.

Kisingizio cha pili ni wanyama na kitoweo. Hiki kina uzito zaidi, nasi hatutakipita harakaharaka. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Na mapori ya Ibanda na Rumanyika yakawa hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Mkulima anayepakana na hifadhi hulala shambani akipiga debe ili nguruwe pori na nyani wasimalize mahindi yake. Akipoteza shamba, ana haki ya kifuta jasho. Akipoteza mtu wake, kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa uhai wa mtu aliyeuawa na mnyama. Tunakiri kwamba kiasi hicho ni tusi kwa marehemu. Lakini jibu la dhuluma hiyo ni kuidai haki kwa sauti, pamoja, kijiji kizima, mchana kweupe. Gobole la usiku huifanya dhuluma iwe siri ya mtu mmoja, na siri hiyo huishia gerezani. Kijana anayekamatwa na nyama ya pori huweza kuhukumiwa kifungo cha miaka 20. Kwa kilo chache za nyama! Mke wake anabaki na watoto, na katika mifupa ya watoto hao inabaki risasi. Familia hiyo imepigwa mara tatu, na mnyama bado analila shamba.

Kisingizio cha tatu ni riziki ya mhunzi. "Hii ni kazi ya mikono yangu." Ndugu mhunzi, sisi tunaiheshimu kazi yako kuliko unavyodhani. Katika Karagwe ya kale nyundo ya mfua chuma ilikuwamo katika vifaa vya enzi ya Mukama. Wageni waliofika Bweranyange walistaajabia vyombo vya chuma vya ikulu, hata sanamu za ng'ombe zilizofuliwa. Mhunzi alisimama karibu na kiti cha enzi kwa sababu jembe lake lililisha nchi. Leo anajificha nyuma ya nyumba, anawatuma watoto wakatazame kama mgambo anapita, na mshahara wake ni kikohozi na hofu. Hiyo ndiyo heshima ya nyundo ya Rumanyika?

6. NENO KWA WENYE MAMLAKA

Tungekuwa wanafiki kama tungemwonya mnyonge tu na kuwanyamazia wakubwa.

Sheria ipo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza mtu kutengeneza au kumiliki silaha na risasi bila kibali. Tanzania pia ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 juu ya silaha ndogo ndogo. Mwezi Septemba na Oktoba 2022 Serikali ilitoa msamaha kwa watakaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Tunaunga mkono misamaha ya namna hiyo kwa nguvu zote.

Lakini kwa nini watu wengi hawajitokezi? Jibu ni kwamba wanakumbuka. Wanakumbuka mwezi Oktoba 2013, Operesheni Tokomeza ilipoanzishwa dhidi ya ujangili. Lengo lake lilikuwa jema, maana tembo walikuwa wakiteketea. Lakini watu walipigwa, wakateswa, wengine wakafa, mifugo ikaporwa, hata Bunge likapaza sauti, operesheni ikasimamishwa, na kufikia Desemba mwaka huo mawaziri wanne walikuwa wamepoteza nyadhifa zao. Mtu aliyemwona jirani yake akifungwa kamba na kupigwa hadharani hatalipeleka gobole lake kituoni kwa sababu tu tangazo limebandikwa kwenye mbao ofisini kwa mtendaji. Imani haijengwi kwa tangazo. Hujengwa pale mtu wa kwanza anapokwenda na silaha yake, akaandikishwa, akashukuriwa, na akarudi nyumbani jioni ile ile akiwa mzima.

Tena tunauliza juu ya betri. Taa za jua na pikipiki vimeingia katika kila kitongoji, nasi tunafurahia maendeleo hayo. Kila betri iliyoingia siku moja itakufa. Nani anayezikusanya? Yule aliyepata faida kwa kuiuza betri mpya anao wajibu gani juu ya ile kuukuu? Kumwacha mwanakijiji peke yake na kilo kadhaa za sumu uani, kisha kumlaumu kwamba ameiyeyusha, ni kuosha mikono kama Pilato.

7. YATUPASAYO KUTENDA

Kwa hiyo basi, ndugu wapendwa, tunasema waziwazi:

Kwanza, risasi isiyeyushwe nyumbani, kwa sababu yoyote ile, iwe ya kidonge cha gobole au uzito wa nyavu. Hakuna nta, hakuna kijiko, hakuna ufundi unaoifanya kazi hiyo iwe salama mahali wanapoishi watu. Sufuria iliyokwisha kutumika isirudi jikoni kamwe.

Pili, penye nyumba ambamo kazi hiyo imefanyika, watoto na wajawazito wapelekwe hospitali, na mganga aelezwe ukweli mzima bila kuficha. Mganga asiyeambiwa atatibu malaria. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sakafu isifagiwe kavu, maana ufagio huamsha unga. Ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, na mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula.

Tatu, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wasigeuke kuwa wapelelezi, wala wasiwe mabubu. Anayetaka kusalimisha silaha asindikizwe na wazee wanaoheshimika, asiende peke yake gizani. Uwepo wa mashahidi humlinda yeye, na humlinda pia askari mwema dhidi ya uzushi.

Nne, halmashauri zetu mbili, ya Karagwe na ya Kyerwa, ziweke mahali pa kukusanyia betri kuukuu na kuwabana wauzaji wazirudishe kwa wenye uwezo wa kuzishughulikia kwa njia salama. Kifuta jasho kilipwe kwa wakati na kwa kiasi kinachomheshimu mkulima.

Tano, wahunzi wapewe kazi ya halali. Parokia zinanunua majembe, mapanga, mageti na majiko ya shule. Kwa nini fedha hiyo iende mbali, ilhali nyundo ipo kijijini?

Risasi iliyoenguliwa ukoko hung'aa kwa muda mfupi tu. Ikipoa huwa ya kijivu tena. Vivyo hivyo dhamiri inayosema, "Mimi nimeyeyusha tu, sikufyatua." Mng'ao wake haudumu, wala hauwezi kumtazama usoni mtoto anayeshindwa kuhesabu hadi kumi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Betri iliyokufa nyumbani kwetu iko wapi leo? Nani anaichezea?

2. Ni nini kinachowafanya watu wa kijiji chetu waamini gobole kuliko kituo cha polisi? Tufanye nini ili hali hiyo ibadilike?

3. Je, akina mama katika jumuiya yetu wana nafasi ya kusema "hapana" juu ya kinachoyeyushwa katika majiko yao? Nani atasimama pamoja nao?

4. Wakulima wanaopakana na hifadhi waliodai kifuta jasho walipata majibu gani? Jumuiya inaweza kuwasaidia namna gani kuandika na kufuatilia madai yao?

5. Ni kazi gani ya halali tunayoweza kumpa mhunzi wetu mwezi huu?